Paswadi Zako Ziondoke Nawe

Salamu za pekee ziwafikie ndugu zetu walioko Doha: walio zamu, walio kambini kule eneo la viwanda la Sanaiya, walio kazini majumbani kwa watu, na wewe unayetusikiliza ndani ya basi la kampuni huku usingizi ukikunyemelea.

Qatar ina sheria namba 21 ya mwaka 2015, inayosimamia kuingia, kutoka na ukaazi wa wageni. Sheria hiyo inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasipoti yake mara tu taratibu za ukaazi zinapokamilika, na anayeizuia anaweza kutozwa faini ya hadi riyali 25,000. Wengi mnaijua, na waliowahi kuzungushwa wanaijua zaidi. Pasipoti hukaa kwa mwenyewe. Leo nataka tuzungumzie mali nyingine ya mfanyakazi. Hiyo ikibaki mikononi mwa watu, hakuna afisa wa kumwendea akurudishie, na mara nyingi mwenyewe aliikabidhi kwa hiari, kwa kubonyeza mara moja bila kusoma. Nazungumzia maneno ya siri, paswadi, zilizolala ndani ya kivinjari: hiyo Chrome, Safari, Edge au Firefox unayofungulia tovuti.

Zilifikaje huko? Uliingia kwenye barua pepe, kikachomoza kisanduku kikauliza, nikuhifadhie? Zamu ilikuwa inakaribia, ukasema ndiyo. Kesho yake ikawa benki, ukasema ndiyo. Miaka imepita. Sasa hebu hesabu zilizomo. Iko ya Metrash, programu ya Wizara ya Mambo ya Ndani unayotumia kufuatilia mambo ya ukaazi wako. Iko ya benki, maana tangu mwaka 2015 Qatar inazitaka kampuni zilipe mishahara kupitia benki, na hata anayelipwa kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, kilichoanza kutumika Machi 2021, ana akaunti yake. Iko ya programu ya kutuma pesa nyumbani. Mkenya ana ya eCitizen, kwa kuwa pasipoti ikiisha muda, ombi la mpya linaanzia huko. Ongeza Facebook, TikTok, na tovuti ya kutafuta kazi. Juu ya zote iko barua pepe, na hiyo ndiyo mama yao. Mtu akiingia kwenye barua pepe yako, anakwenda kwenye akaunti moja baada ya nyingine, anabonyeza pale palipoandikwa kwamba amesahau neno la siri, na kiungo cha kuweka jipya kinamfuata hukohuko kwenye barua pepe.

Nasikia mtu akiniuliza: sasa kivinjari kina ubaya gani? Kwa haki, kivinjari kimeboreka sana. Kinakuonya ukitumia neno dhaifu, na kinaweza kukutungia lililo gumu. Mtu mwenye simu yake peke yake, kompyuta yake peke yake na chumba chake peke yake, kivinjari kinaweza kumtosha. Lakini wangapi huko Doha wanaishi hivyo? Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kivinjari kimetengenezwa kikidhani kwamba kifaa ni chako na kitaendelea kuwa chako. Maisha ya mfanyakazi wa Ghuba hayako hivyo.

Chukua kompyuta ya getini. Zamu tatu zinaitumia. Mlinzi anataka kuchapisha tiketi ya ndege ya likizo. Anafungua Chrome, anaingia na akaunti yake ya Gmail, na Chrome inamuuliza kama anataka vitu vyake vyote vipatikane hapo pia. Anakubali ili amalize haraka. Tangu dakika ile, paswadi alizohifadhi kwenye simu zinapatikana kwenye kompyuta ya kampuni. Anachapisha tiketi, anafunga dirisha, anaondoka. Zenyewe haziondoki. Mwenzake wa zamu ya usiku akifungua ukurasa wa benki hiyohiyo, jina na neno la siri vinajijaza vyenyewe. Hana haja hata ya kuliona. Na akitaka kuliona, kompyuta itamuuliza neno la siri la kompyuta yenyewe, ambalo zamu nzima inalijua kwa sababu limebandikwa kwenye kioo.

Chukua simu sasa. Chumbani mko wanne. Mwenzako anajua namba za kufungulia simu yako kwa kuwa ndiye anayeweka muziki siku ya Ijumaa. Au wewe ni dada unayefanya kazi nyumbani kwa watu, simu umenunuliwa na mwajiri, na madamu ameshazoea kuichukua na kuikagua. Kwenye Android, kinacholinda paswadi za Chrome ni zile namba za kufungulia skrini. Anayezijua anaingia kwenye mipangilio, anazisoma zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

La tatu ni kuondoka. Mwaka 2018 Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi, na Januari 2020 ikawajumuisha wafanyakazi wa majumbani. Kisha mwaka 2020 sheria mpya ikaondoa sharti la kupata barua ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Ni hatua kubwa, na watu wanahama. Lakini anayehama anarudisha simu ya kampuni, anaiacha kompyuta ya ofisini, na laini ya kampuni inakatwa. Vyote hivyo vina paswadi zake ndani, au vinapokea meseji zake za uthibitisho. Mtu ameshapata uhuru wa kuhama na begi lake, na funguo zake bado ziko kwa mwajiri wa zamani.

Wezi wa mbali nao wapo, wala siwasahau. Ziko programu mbovu ambazo kazi yake ni moja: kuingia kwenye kompyuta, kukusanya paswadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na kuzituma kwa mwizi. Nyingi huja zimejificha ndani ya programu za bure za wizi, zile za kuvunja leseni, au kwenye faili linalodai kuwa filamu. Mei 2025 Microsoft, ikishirikiana na Europol na wengine, ilivunja mtandao wa programu mbovu mojawapo inayoitwa Lumma, na ikasema kwamba katika miezi miwili tu iliona zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani. Sasa fikiria kompyuta ya kambini ambayo kila mtu anashushia filamu.

Basi tiba yake ni ipi? Iko aina ya programu iliyotengenezwa kwa kazi hii moja: kutunza maneno ya siri. Inayafunga yote kwa hesabu ngumu, na kinachoifungua ni neno moja kuu unalolijua wewe. Neno hilo halina uhusiano na namba za kufungulia simu yako wala na akaunti yako ya Google. Inafanya kazi kwenye Android, kwenye iPhone na kwenye kompyuta, kwa hiyo ukibadilisha simu hubadilishi maisha. Inajifunga yenyewe baada ya muda mfupi. Na mtu akiijua namba ya skrini yako, anakutana na mlango wa pili. Ila hapo kuna sharti: usiruhusu programu hiyo ifunguke kwa namba zilezile za skrini, na kama kuna mtu mwingine aliyesajili kidole chake kwenye simu yako, kiondoe kwanza.

Majina mtayasikia mengi. Bitwarden ipo tangu 2016, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na toleo lake la bure linakubali paswadi na vifaa bila kikomo. KeePass ni ya zamani zaidi, ya mwaka 2003, na ndugu zake wa leo ni KeePassXC ya kompyuta na KeePassDX ya Android. Hizi hazina seva ya mtu. Kila kitu kiko ndani ya faili moja unalolitunza mwenyewe, na ukilipoteza bila nakala, umepoteza. Iko 1Password, ambayo ni ya kulipia. Wenye iPhone, Apple iliwaletea programu yake ya paswadi mwaka 2024, na ni nzuri, ila inakufaa zaidi ukiwa umeamua kuishi na vifaa vya Apple. Kwa mtu ambaye mwaka huu ana Samsung na mwakani huenda akanunua iPhone iliyotumika, mimi ningeanza na Bitwarden. Sina hisa kwao, wala hawanijui.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kalamu, au mwambie mtoto akuandikie.

Kwanza, fanya kwenye kifaa chako mwenyewe. Kompyuta ya getini, ya kambini au ya duka la intaneti haifai kwa kazi hii, hata kama mwenye duka ni mtu wa kwenu.

Pili, tunga neno kuu. Liwe refu, na liwe la maneno kadhaa yasiyohusiana. Arnold Reinhold, Mmarekani, alileta mwaka 1995 njia ya kuchagua maneno kwa kurusha dadu kutoka kwenye orodha ya maneno 7,776. Ukichagua matano kwa njia hiyo, idadi ya mafungu yanayowezekana ni takriban 28 ikifuatiwa na sifuri 18, na aliyeiba faili lako lililofungwa atachoka kubahatisha. Kama huna orodha, chukua kamusi ya Kiswahili, ifungue ovyo, weka kidole bila kutazama, andika neno. Rudia hadi yafike matano. Usichukue methali, usichukue mstari wa wimbo, usichukue aya ya kitabu kitakatifu, maana hayo watu wote wanayajua, na wezi nao wameyaweka kwenye orodha zao. Mfano wa neno kuu ni hili: kobe ratili mkeka shaba daraja. Hili lenyewe usilitumie, nimeshalitangaza redioni.

Tatu, toa paswadi kwenye kivinjari. Katika Chrome nenda kwenye mipangilio, ingia kwenye sehemu ya Google ya kutunza paswadi, na humo utakuta mahali pa kuzitoa. Firefox nayo inayo, na Safari inayo. Utapewa faili. Hapa, msikilizaji, nisikilize vizuri. Faili hilo halijafungwa na chochote. Ukilifungua utaona jina la tovuti, jina lako na neno lako la siri vimepangwa mstari mmoja mmoja, na yeyote atakayelifungua ataona hivyohivyo.

Hatari ya faili la namna hii ina umri sawa na paswadi zenyewe. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, walikuwa na mfumo wa mwanzo kabisa wa kompyuta inayotumiwa na watu wengi kwa maneno ya siri. Mtafiti mmoja, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa saa nne kwa wiki na hazikumtosha. Akaingiza kadi iliyotobolewa yenye ombi la kuchapishiwa faili la paswadi. Mashine ikachapisha orodha nzima, naye akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Hakuvunja kitu. Aliomba faili, akapewa.

Kwa hiyo faili lako lisiishi zaidi ya dakika chache. Usijitumie kwa WhatsApp. Usilitume kwa barua pepe. Usilihifadhi kwenye Google Drive eti iwe akiba. Wenye iPhone yenye mfumo wa iOS 26, uliotoka mwaka 2025, mna bahati: Apple imeruhusu programu moja ya paswadi ikabidhi nyingine moja kwa moja bila faili kupita katikati, mradi programu zote mbili zinakubali njia hiyo.

Nne, ingiza faili kwenye programu mpya. Utaiambia limetoka wapi, Chrome au kwingineko, nalo litapokelewa. Kisha hakiki. Usikimbilie kufuta. Hesabu kama idadi inalingana, halafu jaribu kuingia kwa mfano kwenye benki, kwenye Metrash na kwenye barua pepe ukitumia programu mpya.

Tano, futa. Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Futa lile faili, kisha lifute pia kwenye kapu la takataka la simu au kompyuta, maana likifutwa mara moja hukaa humo kwa muda. Futa paswadi zilizobaki kwenye kivinjari. Halafu zima ile tabia ya kivinjari kuuliza kama kikuhifadhie, la sivyo baada ya miezi mitatu utakuwa na paswadi nusu huku na nusu kule. Ingia pia kwenye akaunti yako ya Google, tazama orodha ya vifaa, na uvitoe vile usivyovitumia tena. Unaweza kukuta kompyuta ya kampuni uliyoiacha zamani bado imo.

Sita, badilisha zile muhimu. Kuhama kwenyewe hakubadilishi neno lililokwisha kujulikana. Anza na barua pepe, ifuate benki, zifuate za serikali. Iachie programu ikutungie maneno marefu ambayo hata wewe huna haja ya kuyakumbuka. Hizo nyingine za mitandao na maduka badilisha polepole, kila unapoingia.

Sasa maswali. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: je, hao wenye programu wakiibiwa? Ni swali la haki, na jambo hilo limeshatokea. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass iliingiliwa na wezi, na Desemba mwaka huo ikakiri kwamba nakala za hifadhi za wateja zilikuwa zimechukuliwa. Paswadi zilikuwa zimefungwa, lakini anwani za tovuti hazikufungwa, kwa hiyo mwizi aliweza kuona ni nani ana akaunti wapi. Aliyekuwa na neno kuu refu alikuwa na ngome. Aliyeweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa hakuwa na kitu. Ndiyo maana nimesisitiza maneno matano.

La pili: je, programu yenyewe ikifungwa? Hilo pia limetokea. Microsoft ilikuwa na sehemu ya kutunza paswadi ndani ya programu yake ya Authenticator, na mwaka 2025 ikaiondoa hatua kwa hatua, hadi kufikia Agosti paswadi zikawa hazipatikani tena humo. Walikuwa wametangaza mapema, na aliyesoma tangazo alihama. Kwa hiyo chagua programu inayokuruhusu kutoka kwa urahisi uleule iliokuruhusu kuingia.

La tatu ni la wazee: kwa nini nisiandike kwenye daftari? Baba, daftari si baya. Likiwa nyumbani Tanga, ndani ya sanduku lenye kufuli, mwizi wa intaneti hawezi kulifikia. Kwenye chumba cha watu wanne huko Doha, ambako kabati halifungi na ukaguzi ni wa ghafla, ni habari nyingine. Lakini karatasi moja naiunga mkono. Andika neno kuu na maelekezo ya kuifungua programu, funga kwenye bahasha, na uiache nyumbani kwa mtu mmoja unayemwamini kwa damu: mke, mume, mama, dada. Ukisahau, utampigia. Na likikufika la kukufika, familia haitahangaika kujua ulikuwa na nini na wapi.

Nisikudanganye kwamba programu hii inazuia kila kitu. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, alikuwa akiandika kuhusu maisha ya wafanyakazi kwa jina la Noah. Mwishoni mwa Aprili 2021 alitumiwa kwenye Twitter kiungo kilichofanana na cha YouTube, akakibofya. Tarehe 4 Mei alikamatwa, na Julai akatozwa faini ya riyali 25,000. Wataalamu wa Amnesty International waliokichunguza kiungo kile walisema kingeweza kunasa anwani ya intaneti ya aliyekibofya, ingawa hawakuthibitisha kwamba ndicho kilichomfichua. Kiungo cha namna hiyo hakiulizi paswadi, na programu ya kutunza paswadi isingekizuia. Inapokusaidia ni kwenye mtego mwingine, ule ukurasa wa bandia unaofanana na wa benki. Programu inatazama anwani, haitazami rangi wala nembo. Anwani ikitofautiana hata kwa herufi moja, inakataa kujaza. Ikikataa, nawe usijaze kwa mkono. Simama uliza kwa nini.

Namalizia na jambo linalosahaulika, nalo ni namba ya simu. Akaunti nyingi zinatuma namba za uthibitisho kwa meseji, na laini ya Qatar imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha ukaazi. Siku utakaporudi nyumbani kabisa, laini itakufa, na baada ya muda namba hiyo inaweza kupewa mtu mwingine. Meseji zako zitamfikia yeye. Kwa hiyo katika juma lile la kufunga mabegi, kabla ya kwenda kununua zawadi Souq Waqif, pitia orodha iliyo ndani ya programu yako, akaunti moja baada ya nyingine, na ubadilishe namba ya simu kila ilipo ya Qatar. Anayetegemea kumbukumbu atasahau nusu. Aliyekwisha kuhamisha paswadi zake mahali pamoja ana orodha kamili mkononi, na kazi hiyo ataimaliza kwa jioni moja.

Ijumaa ijayo ni siku ya mapumziko kwa wengi wenu. Kama huna nafasi ya kufanya yote, fanya mawili: tunga neno kuu, kisha uhamishe na kubadilisha paswadi ya barua pepe peke yake. Zilizobaki zitafuata. Mimi nawatakia zamu njema, mshahara kwa wakati, na safari salama kwa wanaorudi.